Hukumu ya Kumwachia Wagdi

Mama Wagdi alitua sufuria ya ful, maharage ya kupondwa, juu ya gazeti lililotandikwa sakafuni, akaitia mafuta na bizari, akaitazama mikate, akajua haitoshi. Asubuhi ile alikuwa amesimama foleni mara mbili, mara ya pili akiwa amebadilisha mtandio, na mwenye dirisha la mikate alimtambua akamwambia, "Hajati, hata ukija umevaa kofia ya polisi nitakujua." Kadi ya ruzuku ya nyumba ile ilikuwa na jina moja, la kwake, kwa hiyo mafuta yalikuja ya mtu mmoja na sukari ya mtu mmoja. Bombani, vijana wanne walikuwa wakigombea sabuni.

"Nani kavaa ndara zangu?"

"Zako zipi? Kila kilichomo humu ndani ni chako."

"Basi zivue."

"Nizivue mimi, au uzivue mwenyewe?"

"Njooni mle kabla sijaifunika!" Mama Wagdi akawapigia kelele. "Mimi nilizaa mara moja tu. Uchungu mmoja, mkunga mmoja. Haya ya kugombana wanne sikuyazaa."

Wakaja wakakaa kuizunguka sufuria, na wote wanne walikuwa Wagdi, mwanawe.

Wagdi alikuwa fundi wa redio na vipaza sauti, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo hilohilo, katika mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, mjini Mahalla. Siku moja alitengeneza kipaza sauti cha msikiti wa mtaa wa pili, na Ijumaa iliyofuata mhubiri mmoja mgeni akakitumia kusema maneno ambayo serikali haikuyapenda. Mhubiri alikamatwa, akaachiwa, na sasa anauza viatu. Wagdi naye alikamatwa, kwa amri ya waziri chini ya sheria ya hali ya hatari, na amri haikutaja kosa lake. Amri za namna hiyo hazitaji.

Shauki, wakili mnene aliyewatetea watu wengi wa mtaa ule na kulipwa na wachache, alilipeleka shauri mahakamani. Jaji Mumtaz akaisoma katiba mbele ya watu, kwamba mtu hafungwi pasipo kosa, akaifuta amri ya waziri, akaandika kwamba Wagdi aachiwe. Hapo ikafuatwa desturi ambayo kila mama mwenye mtoto ndani anaijua. Hukumu ikishatoka, mfungwa hutolewa gerezani, huletwa kituo cha polisi cha mji wao, huandikwa kwamba ameachiwa, kisha huketishwa kwenye benchi la ukumbini asubiri. Anachosubiri ni amri mpya ya waziri. Ikifika, na tarehe yake mpya, hupakiwa garini na kurudishwa alikotoka. Hukumu imetekelezwa, mtu yumo ndani, na hakuna aliyevunja sheria.

Kwa Wagdi mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila pale benchini waliinuka wawili. Mmoja akapanda gari pamoja na askari. Mwingine, yule aliyeachiwa na mahakama, akatoka mlangoni, akamsalimia mlinzi, akapita kununua bajia za taamiya za moto, akaja nyumbani. Mama Wagdi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, majirani wakaleta sharubati. Glasi zilikuwa hazijarudishwa kwa wenyewe alipokuja mfungwa mmoja aliyetoka kweli, akamwambia kwamba Wagdi huko aliko anaomba soksi za baridi. Mama Wagdi akamtazama Wagdi aliyekuwa mbele yake akimenya chungwa. Akachukua mkoba wake, akaenda sokoni kununua soksi.

Alishitaki tena, akashinda tena. Mahakama ile haikumnyima ushindi hata mara moja. Kila hukumu ilimletea Wagdi mwingine, na kila Wagdi alibaki kama alivyokuwa siku ile, kwa sababu hukumu haizeeki. Wa Kwanza alikuwa na mashavu na alicheka ovyo. Wa Pili alikuwa akisali sana na kujibu maswali kwa kichwa. Wa Tatu hakukubali kuupa mlango mgongo, hata akila. Wa Nne alirudi hana meno mawili ya mbele, na kifuani mwake mlikuwa na mlio kama wa jiko la mafuta linalotaka kuzimika.

Hakuna kati yao aliyeweza kufanya kazi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupata kitambulisho. Karani wa vitambulisho alikuwa na adabu. Aliwaambia kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zake Wagdi yuko kizuizini, kwa hiyo wamwambie Wagdi aje mwenyewe. Sabrin, mchumba wake, naye alikuja siku moja amevaa vizuri, akauliza ni yupi aliyemvisha pete. Wakanyoosha mikono wote wanne. Sabrin akanywa chai yake, akaenda zake, na baadaye akaolewa mji mwingine, Tanta.

Majirani walidhani Mama Wagdi anaendelea kushitaki kwa ukaidi. Yeye alikuwa na sababu yake. Ziara gerezani zilipigwa marufuku tangu kabla wa Pili hajarudi. Chakula alichopeleka kilipokelewa na mkono kwenye tundu la lango, na mkono haukusema kama kimefika au kimeliwa njiani. Habari za mwanawe alizipata kwa njia moja tu, kumtazama yule aliyeletwa na hukumu. Kwa wa Nne alijua kwamba wanampiga na kwamba kifua kimeharibika. Tangu hapo majira ya baridi kali yalikuwa yamepita, na hakujua zaidi.

Shauri la tano lilipopangiwa siku, alimwambia wakili kwamba vijana wote wanakwenda mahakamani.

"Mama Wagdi, nakuomba sana, wabaki nyumbani," wakili Shauki akasema. "Mahakama ina mambo yake."

"Nyumbani wanafanya nini? Wanakula. Na jaji aone kazi ya mkono wake."

Karani wa mlangoni aliuliza kama wale wanne ni mashahidi.

"Ni mlalamikaji," akasema Mama Wagdi.

"Wote?"

"Wote."

Karani akaandika jina moja, akawaonyesha nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi, akawaambia wasongane.

Wakili wa serikali alikuwa kijana aitwaye Adham, suti yake imepigwa pasi ikasimama. Alipopewa nafasi alianza kwa kuisifu mahakama, kisha akasema, "Mheshimiwa, shauri hili halina kitu ndani yake. Mlalamikaji anaomba aachiwe, na mlalamikaji yuko mbele yako, ameachiwa. Ameachiwa mara nne. Mimi binafsi simjui raia mwingine katika nchi hii aliye huru kiasi hicho."

Wakili Shauki akajishika kichwa. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

Jaji Mumtaz alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari, mguu wake mmoja umewekwa juu ya kigoda chini ya meza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akawatazama wale wanne.

"Ninyi mko huru?"

"Huru kabisa, Mheshimiwa, Mungu akupe umri," akasema wa Kwanza.

"Basi gerezani yuko nani?"

Wakatazamana. Wa Nne ndiye aliyesimama. "Mimi, Mheshimiwa."

"Na hapa amesimama nani?"

"Mimi vilevile. Ila yule ndiye anayepigwa."

Karani akayaandika majibu yote mawili.

Mama Wagdi naye akasimama. Wakili alimvuta mkono wa baibui, yeye akauchomoa. "Mheshimiwa, mimi shule yangu ni ya msingi tu, nisamehe nikikosea. Nimekuja kukuomba kitu. Safari hii usimwachie."

Jaji akadhani hakusikia vizuri. "Nisimwachie?"

"Kila ukimwachia mimi naongeza sahani, na yeye yuko palepale. Niandikie kitu kidogo, kitu ambacho watu hawa wanaweza kukitii bila kuumia. Daktari amsikilize kifua. Au mimi nimtazame, sisemi nimguse, nimtazame tu nikiwa upande wangu wa wavu. Uhuru ninao, Mheshimiwa. Umejaa mpaka jikoni."

Jaji Mumtaz alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepandishwa ngazi.

"Siwezi, mama. Kutembelewa na jamaa na kutazamwa na daktari wa gereza ni haki za mtu aliyefungwa kisheria. Nikimpa mwanao hizo, nitakuwa nimekiri kwamba amefungwa kisheria. Hakufungwa kisheria. Katiba inampa uhuru wote, mzima, na mimi sina ruhusa ya kumkatia kipande."

"Basi mpe yule wa kule."

"Ndiye ninayempa!" Jaji akapiga meza, kisha akashusha sauti kwa kuwa mguu ulimuuma. "Kila mara ndiye ninayempa. Wanaokuja ni hawa. Nifanyeje? Funguo za gereza hazipiti hapa mezani. Zingepita, wallahi ningekwenda nazo leo hii, na mguu huu huu."

"Subhanallah," akasema Mama Wagdi. "Watu wazima wote hawa, na hakuna mwenye ufunguo."

Jaji akasoma hukumu palepale. Alisema hoja ya serikali imekataliwa, kwamba uhuru wa wanne hauondoi kifungo cha mmoja, kwamba amri ya waziri ni batili kama zile zilizotangulia, na kwamba Wagdi aachiwe mara moja. Alitia sahihi kwa hasira mpaka kalamu ikapasua karatasi, ikabidi karani alete karatasi nyingine. Nje, kwenye kibaraza, wakili Adham alimpa Mama Wagdi mkono. "Hongera, Hajati. Hukumu nzuri sana, imeandikwa kwa lugha tamu."

Ndani ya treni ya kurudi Mahalla vijana walikuwa wakinong'ona. Kisha wa Pili, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, akasema, "Mama, tukabadilishane naye."

"Mkabadilishane vipi?"

"Waende na mmoja wetu, wamtoe yeye. Hesabu yao itabaki ileile. Nitakwenda mimi."

"Utakwenda wewe na mbavu hizo?" akasema wa Kwanza. "Mimi ndiye mwenye nyama. Mimi nitachukua muda kuisha."

"Wewe utacheka, wakuue siku ya kwanza," akasema wa Nne. "Mimi napajua zaidi yenu wote."

Wa Tatu, aliyeketi akiuelekea mlango wa behewa, akasema atakwenda yeyote watakayemchagua, ila kama ni yeye aambiwe sasa, asije akaambiwa ghafla. Mama Wagdi akawatazama mmoja mmoja. Tangu warudi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgombea yeye aliyeko ndani badala ya ndara. Waliposhuka hakuelekea nyumbani. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya usalama.

Afisa aliyekuwa na faili la Wagdi aliitwa Hazim. Alikuwa mtu wa heshima, na ukutani kwake alikuwa ametundika kifungu cha katiba kuhusu uhuru wa raia, kimeandikwa kwa hati nzuri na kuwekewa fremu. Akaagiza chai. Ilipokuja akaona vikombe havitoshi, akaagiza vingine.

"Karibu, Hajati. Nimeshasikia. Hukumu imetoka, hongera sana."

"Pasha, bwana mkubwa, nimekuletea hawa. Wote ni Wagdi, jina lilelile, baba yuleyule, Mungu amrehemu. Chukua umtakaye. Chukua wote ukitaka. Nipe yule mgonjwa."

Hazim akaweka kikombe chini. Alionekana kuumizwa.

"Hajati, hawa wana hukumu za mahakama. Mahakama imesema waachiwe. Unataka mimi nimkamate mtu mwenye hukumu mkononi? Nchi hii ina sheria. Unataka kunifungisha?"

"Na yule?"

"Yule ana amri."

"Amri imefutwa leo. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Leo jaji amefuta amri ya zamani, na sisi tunaiheshimu, ataletwa mjini aachiwe kama kawaida. Lakini amri mpya jaji hajaigusa. Angeigusaje? Bado haijaandikwa."

"Si msiiandike!"

"Haya si ya kwangu, mama. Mimi nimepewa hili faili tu." Akawageukia vijana, akasema kwa upole, "Ninyi nendeni mkapumzike. Mko huru."

"Tunajua!" wakajibu wote wanne kwa pamoja, na kwa sauti moja.

Wa Tano alirudi siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Hakubisha hodi. Mke wa mwenye duka la chini ndiye aliyeita kutoka uani, "Mama Wagdi! Njoo uone, nadhani ni wa kwako, amekaa chini ya ngazi!" Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, mfuko wa plastiki mapajani, akitazama juu kuelekea ghorofa ya tatu kama mtu anayetazama mlima. Alijaribu kusimama alipomwona mama yake, akashindwa, akamwomba radhi.

Wenzake walishuka wakambeba. Wa Kwanza alisema baadaye kwamba angeweza kumbeba peke yake, kwa mkono mmoja, na safari hiyo hakucheka. Walimlaza chumbani kwa mama. Mama Wagdi alichemsha maji, akawatoa wote nje, akamwosha mwenyewe, polepole, kuanzia kichwani. Kila mahali kitambaa kilipofika alisimama akatazama, akasema "alhamdulillah" kwa sauti ndogo, kisha akaendelea. Kwenye nyayo alitazama kwa muda mrefu. Mgongoni hakusema chochote. Alipomaliza alimvisha kanzu ya marehemu mumewe, ambayo ilimmeza, akamlisha mchuzi kwa kijiko. Alikunywa vijiko vichache akalala, na pumzi yake ikawa inakatika na kurudi, inakatika na kurudi. Naye atabaki hivyohivyo, hatapona wala hatazidiwa, kwa sababu hukumu ilimkuta hivyo.

Yule mwingine, aliyeinuka naye kwenye benchi moja, alikuwa amerudishwa siku ileile, akiwa hali hiyohiyo, bila mchuzi na bila kanzu. Na yule angeweza kuzidiwa.

Wakili Shauki alikuja alasiri kutoa pongezi. Alikuwa ameleta boksi la keki za basbusa, kama alivyofanya kila hukumu ilipotoka. Akaonyeshwa mlangoni yule aliyelala. Akatazama, akaliweka boksi chini.

"Andika nyingine," akasema Mama Wagdi.

"Mama Wagdi, ngoja kwanza. Pumzika. Nyumba imejaa, wewe mwenyewe umesema mbele ya jaji. Na hukumu, ukweli ni kwamba…"

"Hukumu naijua. Tutashinda. Andika leo, kesho ofisi ikifunguliwa uwe wa kwanza kuipeleka."

"Tuombe nini safari hii?"

"Omba aachiwe. Si ndicho wanachoweza kutoa? Waambie wafanye haraka."

Wakili akatoa kalamu. Aliandika kwa kuegemea boksi la basbusa, maneno yaleyale aliyoyaandika mara zote, kwamba hakuna raia atakayefungwa pasipo kosa, kwamba amri ni batili, kwamba aachiwe. Alipofika mahali pa tarehe ya amri inayopingwa akaacha nafasi wazi, maana amri hiyo bado haikuwa imemfikia. Mama Wagdi akaandika jina lake palepale, akairudisha kalamu.

Kisha akaingia sebuleni akapima kwa macho. Wa Nne angesogea karibu na dirisha, wa Tatu hawezi kuondolewa kwenye mlango. Palibaki ukuta wa kushoto, penye kochi. Kochi likiwekwa kibarazani, godoro moja lingeenea. Alijifunga mtandio kiunoni, akashika mguu wa kochi.

"Wa Sita atalala hapa," akasema.

Wa Kwanza alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikining'inia. "Mama," akasema. "Na asipokuja?"

Mama Wagdi akamwambia ashike ule upande mwingine wa kochi, ainue, na aangalie asikwaruze ukuta.